Kura Iliyoachwa na Kura Iliyobaki: Imani na Utawala wa Kanisa la Moravian Mbele ya Neno Moja la Kiswahili



Mhadhara huu umezaliwa na sentensi moja. Ukitaka kueleza kwa Kiswahili jambo lililoamuliwa na Sinodi Kuu ya Kanisa la Moravian mwaka 1889, utajikuta unasema hivi: kanisa hilo liliacha kupiga kura, na tangu hapo likawa likichagua viongozi wake kwa kupiga kura. Kila neno katika sentensi hiyo ni Kiswahili sanifu, na habari yenyewe ni ya kweli, lakini sentensi inajipinga. Mjerumani aliyeketi katika sinodi ile hakuipata taabu hiyo, kwa kuwa lugha yake ina neno Los kwa jambo la kwanza na neno Wahl kwa jambo la pili. Mswahili ana kura tu.

Wapo watakaosema kwamba huo ni upungufu wa msamiati, na kwamba dawa yake ni kuunda istilahi. Mimi sikubaliani nao. Nakusudia kuonyesha kwamba neno letu limehifadhi ndani yake swali ambalo kanisa hili lilihangaika nalo kwa zaidi ya miaka mia nne, yaani, kiongozi akishapatikana, ni nani hasa aliyemchagua? Kanisa la Moravian ni dogo likipimwa na makanisa makubwa ya dunia, na katika nchi lilikozaliwa limebaki na waumini wachache. Hata hivyo, hakuna nchi yenye Wamoravian wengi kuliko Tanzania. Kwa hiyo swali hilo leo linaulizwa zaidi kwa Kiswahili kuliko kwa Kijerumani au Kicheki, na wanaisimu hawana budi kulisikiliza.

Neno lenyewe

Kura ina asili ya Kiarabu, qur'a, na maana yake ya asili ni kitu kinachotupwa au kuchomolewa ili jambo lisiamuliwe na yeyote kati ya waliopo. Katika fikihi, kura hutumika pale ambapo wenye haki iliyo sawa hawawezi kutanguliana. Hadithi zinasimulia kwamba Mtume Muhammad alipotaka kusafiri aliwapigia wakeze kura ili ajulikane wa kufuatana naye. Kisa cha Nabii Yunus chomboni, kinachosimuliwa katika Biblia na katika Kurani, nacho ni kisa cha kura. Basi wafasiri wa Biblia walipofika katika sura ya kwanza ya Matendo ya Mitume, ambapo Mathiya anachaguliwa kuichukua nafasi ya Yuda, hawakuhitaji kubuni kitu. Neno lilikuwapo mwambao, na lilikuwa tayari na uzito wa kidini.

Maana ya pili, ile ya uchaguzi wa kisiasa, ilikuja juu ya ile ya kwanza bila kuifuta. Kufikia uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959, ambao mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, watu waliuita mpango huo "kura tatu" na hakuna aliyefikiria kwamba kuna kitu kinachochomolewa mfukoni. Leo msomaji kijana anaweza kabisa kusoma habari za Mathiya na kudhani kwamba mitume walihesabu karatasi, na kwamba yule Yusufu aliyeitwa Barsaba kura zake hazikutosha.

Sarufi ya neno nayo imebadilika, na hapa naomba tukae kidogo. Katika maana ya kale kura ni moja, nayo ndiyo mtendaji: humwangukia mtu, humtokea, humkataa. Haina mwenyewe. Katika maana ya sasa kura ni nyingi, huhesabika, na kila moja ina mwenyewe: kura yangu, kura yako, tunaomba kura zenu. Kwa kuwa ina mwenyewe, inaweza kununuliwa, kuharibika na hata kuibwa. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba kura iliyomwangukia Yunus iliibwa, kwa sababu haikuwa mali ya mtu yeyote mle chomboni. Kutoka kura isiyo na mwenyewe hadi kura yenye mwenyewe ni mwendo mrefu, na Wamoravian waliutembea wote.

Lhotka, 1467

Jan Hus alichomwa moto huko Konstanz tarehe 6 Julai 1415. Miaka arobaini na miwili baadaye, yaani mwaka 1457, baadhi ya waliofuata mafundisho yake walijitenga katika kijiji cha Kunvald, Bohemia, wakajiita Umoja wa Ndugu. Kwa miaka kumi walikuwa jumuiya isiyo na makasisi wake. Ilikuwa rahisi kukataa makasisi wa Roma, lakini kupata wengine kulikuwa kugumu, kwani anayemweka wakfu kasisi lazima awe na mamlaka hayo, nayo mamlaka yalikuwa Roma.

Mwaka 1467 Ndugu walikutana katika kijiji cha Lhotka. Waliteua wanaume tisa. Kisha wakaandaa vikaratasi kumi na viwili: vitatu viliandikwa neno la Kicheki jest, ambalo kwa Kiswahili tungelifasiri "ndiye", na tisa viliachwa vitupu. Kila mmoja wa wale tisa alipewa kikaratasi kimoja. Tafadhali pigeni hesabu wenyewe. Vikaratasi vitupu vilikuwa tisa na watu walikuwa tisa, kwa hiyo iliwezekana kabisa wote wapate vitupu na kanisa lisipate kasisi hata mmoja. Ndugu waliacha makusudi mlango wa jibu la "bado". Vikaratasi vyote vitatu vilipatikana mikononi mwa watu watatu, akiwamo Matthias wa Kunvald, aliyepewa nafasi ya kwanza miongoni mwao.

Mara nyingi tukio hili husimuliwa kama muujiza. Mimi navutiwa zaidi na utaratibu wake. Wale tisa hawakuanguka kutoka mbinguni, bali waliteuliwa na mkutano. Kura ilianza kazi mahali ambapo hukumu ya watu iliishia, sawasawa na katika Matendo ya Mitume, ambapo wawili walisimamishwa kwanza ndipo kura ikapigwa. Tangu mwanzo, kwa hiyo, uchaguzi wa watu na kura ya Mungu vilikaa pamoja, na mpaka kati yao haukuwa dhahiri kama tunavyoelekea kudhani.

Karne iliyofuata ya mafanikio na ile ya maafa nazipita haraka. Baada ya Waprotestanti wa Bohemia kushindwa vitani mwaka 1620 katika Mlima Mweupe, karibu na Prague, Umoja wa Ndugu ulivunjwa. Comenius, mwalimu mashuhuri ambaye wanafunzi wa elimu hapa chuoni wanamjua, alikuwa mmoja wa maaskofu wake wa mwisho, akafa uhamishoni mwaka 1670.

Msichana wa miaka kumi na minne

Mwaka 1722 wakimbizi kutoka Moravia walipewa hifadhi katika shamba la Kaunti Nikolaus Ludwig von Zinzendorf huko Saxony, wakajenga kijiji cha Herrnhut. Mwaka 1727 wanakijiji walitia saini mapatano ya kuishi pamoja, wakachagua wazee kumi na wawili. Na kati ya hao, wazee wakuu wanne walipatikana kwa kura. Tunaona mchanganyiko ule ule wa Lhotka.

Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Machi 1730, ilitakiwa apatikane mzee mkuu wa wanawake. Kura ilimwangukia Anna Nitschmann, msichana aliyezaliwa Novemba 1715. Hata miaka kumi na mitano hakuwa ametimiza. Alitoka katika familia maskini ya wakimbizi, na kazi yake ilikuwa kusokota sufu. Zinzendorf mwenyewe alimshauri akatae, yeye akakubali. Kwa miaka thelathini iliyofuata alikuwa miongoni mwa viongozi wenye athari kubwa kabisa katika kanisa hilo.

Nawaomba wanaoipenda sana demokrasia, nami nikiwa mmoja wao, wajiulize ni uchaguzi gani wa karne ya 18, au hata wa karne yetu, ungempa cheo hicho msichana fukara wa umri ule. Asingekuwa na wa kumpendekeza, wala wa kumfanyia kampeni. Kura haikujali mambo hayo. Baada ya Zinzendorf na Anna kufariki, wote wawili mwezi Mei 1760, sinodi zilizofuata ziliupanga upya utawala na kuipunguza sana nafasi ya wanawake. Utaratibu wa mabaraza ulipoimarika, wanawake walirudi nyuma.

London, 1741

Tarehe 16 Septemba 1741 viongozi wa kanisa walikutana London. Mzee Mkuu wa kanisa zima, Leonhard Dober, yule aliyekuwa ametumwa mwaka 1732 kwenda kuwahubiria watumwa wa kisiwa cha St. Thomas, aliomba kujiuzulu. Mzigo ulikuwa umemzidi. Yalitajwa majina ya watu ambao wangeweza kumrithi, na kura iliyakataa. Ndipo wakafikia uamuzi kwamba Mzee Mkuu asiwe mwanadamu tena, bali Kristo mwenyewe. Habari hiyo ilitangazwa makutanikoni tarehe 13 Novemba mwaka huo, na siku hiyo huadhimishwa hadi leo.

Makanisa yote ya Kikristo hufundisha kwamba Kristo ni kichwa cha kanisa. Tofauti ya Wamoravian ni kwamba walilichukua fundisho hilo kama kifungu cha katiba. Cheo kilichokuwa na kazi, mamlaka na mwenye kuulizwa, kilikabidhiwa kwa asiyeonekana. Na ikiwa Mzee Mkuu yu hai na yu kazini, basi ni utovu wa adabu kuamua mambo bila kumwuliza. Ndiyo maana kura, ambayo hapo mwanzo ilitumika katika mambo mazito machache, ikaenea. Kwa kawaida ilikuwa na majibu matatu: ndiyo, hapana, na tupu, yaani subiri. Iliulizwa kuhusu wito wa wamisionari, kuhusu kupokewa kwa waumini, kuhusu mahali pa kujenga mji wa Salem huko North Carolina mwaka 1765, na kuhusu ndoa.

Ndoa ndiyo iliyoivunja. Wazee walipopokea pendekezo la ndoa waliliweka mbele ya kura. Ikijibu ndiyo, mhusika bado alikuwa na hiari ya kukataa; ikijibu hapana, kanisa halikutoa ridhaa, na waliooana bila ridhaa walitengwa. Makutano ya Marekani, ambako vijana waliona majirani zao wakioana kwa kupendana, ndiyo yaliyolalamika kwa nguvu zaidi, na Sinodi Kuu ya 1818 ikawaondolea waumini wa kawaida sharti hilo. Kutoka hapo kura ilizidi kusogezwa pembeni hadi ilipofutwa kabisa katika uendeshaji wa kanisa mwaka 1889.

Kwa maoni yangu, udhaifu mkubwa wa mfumo ule haukuwa ushirikina, kama wapinzani wake walivyodai. Udhaifu ulikuwa katika swali. Kura hujibu kile tu inachoulizwa, na wanaotunga swali, wanaoamua jina lipi liingizwe na lipi liachwe, ni wazee wachache walioketi chumbani. Mamlaka yao hayakuondoka. Yalijificha nyuma ya kikaratasi, na ni nani atakayekata rufani dhidi ya jibu la Kristo? Kiongozi aliyechaguliwa na watu anaweza kuhojiwa nao. Aliyechaguliwa kwa kura ya Herrnhut alikuwa juu ya maswali yao. Kwa upande mwingine, mtu ambaye kura ilimkataa hakurudi nyumbani akiwa ameshindwa na mwenzake, wala hakuwa na kundi la wafuasi wa kuwachochea. Hasara zilikuwapo pande zote mbili, na sinodi ya 1889 ilichagua ni ipi ya kubeba.

Rungwe na baada yake

Mwaka 1891, miaka miwili tu baada ya uamuzi huo, wamisionari wanne wa kwanza wa Moravian walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Mmoja wao, Georg Martin, alifariki kwa homa mwaka huo huo. Wenzake, akiwamo Theodor Meyer, walianzisha kituo cha Rungwe. Mwishoni mwa karne hiyo Wamoravian walikabidhiwa pia kazi ya Urambo, Unyamwezini, iliyokuwa imeanzishwa na chama cha kimisionari cha London.

Kwa hiyo Wanyakyusa na Wanyamwezi walilipokea kanisa lililokuwa limekwisha kuweka kura chini. Wamisionari hao walipiga vita mwafi, kile kinywaji cha sumu ambacho Wanyakyusa walikitumia kumtambua mchawi. Ipo kejeli ya historia hapa, kwani kanisa lililowaozesha wamisionari wake kwa kura vizazi vichache tu nyuma sasa lilikataza njia nyingine ya kuyauliza yasiyoonekana. Hata hivyo, mambo hayo mawili hayalingani. Mwafi ulitafuta mkosaji na uliweza kuua. Kura ilitafuta mtumishi. Kiswahili, kwa namna yake, huyaweka karibu na kuyatenga papo hapo: tunapiga kura, tunapiga ramli, tunapiga bao, kitenzi ni kimoja, lakini hakuna asiyejua ni kipi kati ya hivyo kinachoweza kufanyika kanisani.

Lugha ya kazi katika vituo vya kwanza ilikuwa lugha ya wenyeji: Kinyakyusa Rungwe, Kinyiha Mbozi, Kinyamwezi upande wa Tabora. Vita Kuu ya Kwanza ilipowaondoa Wajerumani mwaka 1916, makutano hayakufa. Wakristo wenyeji waliyaendesha, na upande wa kusini Waskoti wa Livingstonia waliwasaidia kwa muda. Kiswahili kilikuja kuwa lugha ya sinodi kadiri watu wa lugha mbalimbali walivyolazimika kuketi meza moja, na ndicho kilichoyapa madaraka ya kanisa majina yake ya leo.

Majina hayo yanastahili uchunguzi. Kila jimbo, liwe la Kusini, la Magharibi, la Kusini Magharibi au la Rukwa, lina sinodi, na sinodi huchagua halmashauri inayoongozwa na mwenyekiti. Askofu yupo, lakini hapati mamlaka ya utawala kwa sababu ya uaskofu wake. Yeye ni mchungaji wa wachungaji. Huwaweka wakfu mashemasi na makasisi, huombea kanisa, hushauri. Mtanzania wa kwanza kuwekwa katika daraja hilo alikuwa Teofilo Kisanji, ambaye chuo kikuu cha kanisa kilichoko Mbeya kimepewa jina lake. Kwa Watanzania waliozoea kumwona askofu kama mtawala wa dayosisi, kama ilivyo kwa Wakatoliki na Waanglikana, mpangilio huu ni mgumu kueleweka, na neno askofu lenyewe haliwasaidii, kwa kuwa limekwisha kujaa maana ya makanisa hayo mengine.

Neno mwenyekiti nalo lina yake. Ni neno la vyama na vijiji, halina harufu ya altare. Lakini likichambuliwa ni mwenye kiti, na kwa imani iliyotangazwa mwaka 1741 kiti kikuu katika kanisa hili kina mwenyewe tayari. Mwenyekiti wa jimbo, kwa mantiki hiyo, huketi katika kiti kisicho chake. Sidai kwamba waliolichagua neno hilo walikusudia maana hii. Nadai tu kwamba neno linairuhusu, na kwamba mhubiri mwenye sikio zuri la lugha angeweza kulifanyia kazi kubwa siku ya tarehe 13 Novemba.

Sinodi ya kanisa zima iliyokutana Bethlehem, Pennsylvania, mwaka 1957, ikiadhimisha miaka 500 tangu Kunvald, iliweka misingi ya kuyatambua majimbo ya nchi zilizokuwa za kimisionari kuwa sawa na yale ya Ulaya na Marekani. Sinodi hiyo hukutana kwa desturi kila baada ya miaka saba, na mwaka 1995 ilikutana Dar es Salaam. Wajumbe waliamua mambo kwa kura, kila mmoja akiwa na yake.

Lipo swali la kiistilahi ambalo sijalijibu. Katika maandishi yangu nimekuwa nikitofautisha "kura ya kuchomoa" na "kura ya kuhesabu", nami nawapendekezea wanahistoria watumie istilahi hizo pale ambapo maana inaweza kuchanganyika. Lakini nisingependa ziingizwe katika tafsiri ya Biblia wala katika lugha ya sinodi. Mjumbe anayetumbukiza karatasi yake sandukuni baada ya sala, huku neno analolitumia likiwa ni lile lile lililomwangukia Mathiya, anakumbushwa na lugha yake jambo ambalo Mjerumani hakumbushwi na Wahl. Akiondolewa utata huo ataondolewa na ukumbusho.

Aidha, kura ya kuchomoa haijatoweka yote. Tangu mwaka 1728 Herrnhut imekuwa na desturi ya kuwapa waumini neno la Biblia kwa kila siku, na tangu mwaka 1731 maneno hayo huchapishwa kitabu kila mwaka. Wajerumani huyaita Losungen, jina linalotokana na neno la siri ambalo walinzi wa jeshi walitambuana kwalo usiku. Hadi sasa, kiasi cha miaka mitatu kabla ya mwaka husika, watu hukusanyika Herrnhut na kuchomoa namba kutoka katika bakuli, moja kwa kila siku, na kila namba husimama mahali pa aya moja katika mkusanyiko wa aya takriban 1,800 za Agano la Kale. Kitabu hicho hutolewa kwa lugha zaidi ya 50, Kiswahili kikiwa miongoni mwao. Halmashauri inayofungua kikao chake kwa aya ya siku hiyo, kabla ya kuingia katika ajenda na kuhesabu mikono, inasoma maneno ambayo hakuna mjumbe aliyeyapendekeza wala aliyeyapinga.